Malaika wa Pazia la Jikoni

Anayetaka kujua kama kweli ana subira, asijisumbue kufunga wala kupanda mlima kusali. Apewe mtoto wa miaka saba, aongezewe na mtoto wa paka, kisha aambiwe: haya, pamba mti wa Krismasi.

Mimi nilidhani ninayo. Kazi yangu ni cherehani, na cherehani bila subira utajishona vidole. Nimepima wateja wanaobana pumzi ili kiuno kionekane chembamba, halafu gauni likikataa kupanda wananigombeza mimi, nami nikameza mate nikanyamaza. Lakini asubuhi ile ya mkesha wa Krismasi, hata chai yangu haijapoa, koo lilikuwa limeshaanza kuniuma kwa kelele.

"Shuka! We paka, shuka hapo!"

"Fundi, usimpigie kelele. Ataogopa."

"Si ndiyo nataka aogope!"

Paka hakuogopa. Alikuwa amekaa katikati ya matawi ya plastiki, amekumbatia mpira wa dhahabu, ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila kubisha hodi. Jina lake Meneja. Mume wangu ndiye aliyempa, kwa sababu siku alipoletwa alizunguka vyumba vyote akikagua, hakufanya kazi yoyote, kisha akaenda kulala kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Wanasema paka akiondoka panya hutawala. Kwetu paka yupo na panya wapo, kila mtu na shughuli zake.

Aliyekuwa akimtetea ni Ndimu, binti wa mume wangu. Hilo nalo ni jina la kutaniwa na baba yake, eti tangu mchanga alikuwa akikunja uso kama mtu aliyelamba ndimu. Mama yake mzazi alifariki Ndimu akiwa na miaka mitano. Mimi nimeolewa nyumba hii mwaka huu.

Tulijuana nilipompima sare ya shule. Alisimama juu ya stuli yangu, mikono ameinyoosha, akaniambia, "Fundi, usinibane kwapani." Nikamshonea sare isiyobana kwapani. Baba yake akaja kuchukua sare, akarudi kupunguziwa suruali, akarudi tena suruali ileile iongezwe, mpaka nikaelewa kwamba tatizo si suruali. Tukaoana. Wifi zangu wakamwambia mtoto, "Sasa huyu mwite mama." Akakunja uso wake ule. Nikasema mwacheni, aniite anavyopenda. Hayo niliyasema mdomoni. Moyoni iliniuma, maana Fundi hata mpita njia aliyekatika zipu ananiita.

Ndiyo sababu Krismasi hii niliibeba kichwani kama mzigo. Ilikuwa ya kwanza kwetu tukiwa nyumba moja. Mume wangu ni dereva wa lori na alikuwa njiani kurudi. Alisema jioni haitaingia kabla yake. Nilitaka akifungua mlango akute nyumba imepambwa, mimi na binti yake tunacheka pamoja. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni katika nyumba ninayoifagia mwenyewe.

Basi tukaanza. Mti wenyewe ulikuwa na miguu miwili, wa tatu ulivunjika zamani, nikauegemeza kwenye ukuta na kuutilia kitabu kizito chini. Nikachukua nyota.

"Siyo nyota," akasema Ndimu. "Mama alianza na taa."

Nikarudisha nyota, nikachukua taa.

"Mama alizungushia kutoka chini."

Nikafumua taa, nikaanza chini.

"Upande huu, Fundi. Siyo huo."

Mtu utafanyaje? Ukishindana na aliye hai, kuna siku na yeye atakosea umshinde. Marehemu hakosei tena. Nikazungusha upande huo. Kila nilipozungusha mara moja, Meneja alikuwa ameshazungusha mara mbili kurudi alikotoka. Mipira aliidondosha mmoja mmoja, akaifukuza chini ya kabati, akarudi kuchukua mwingine. Utepe wa fedha ukamnasa kiunoni, akaingiwa na wazimu, akapita nao jikoni, chumbani, juu ya meza yangu ya kukatia, akamwaga pini zangu zote. Nilipoinama kuziokota, mti ukaanguka mgongoni kwangu.

Ndimu akacheka. Alicheka yeye, mimi sikucheka. Nilikuwa nimelala kifudifudi, pini moja imenichoma gotini, mti wa plastiki umenikalia kama mke mwenza.

"Jamani, mimi nimekoma," nikasema sakafuni. "Sina hamu tena na Krismasi."

"Bado malaika," akasema Ndimu, kicheko kimekwisha.

Akaenda chumbani kwake. Akarudi ameshika kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua polepole. Ndani mlikuwa na malaika wa kitambaa, urefu wake kama kiganja na nusu. Nilikuwa nimesikia habari zake lakini sikuwahi kuonyeshwa. Mama yake alimshona kwa pazia la jikoni lililochakaa, akamjaza pamba, na kwa kuwa hakuwa na uzi wa kushonea akatumia uzi mwekundu wa sufu, ule wa kufumia masweta. Macho yalikuwa vifungo viwili, kimoja kikubwa cheusi, kingine kidogo cha kahawia. Mishono ilikwenda kama kuku aliyepotea njia.

"Alinipakata akishona," Ndimu akasema. "Mimi nilikuwa nashika pamba." Kisha akamnyoosha kwangu. "Mshike nikalete kiti. Usimweke chini."

Nikampokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kunipa kitu cha kushika, hata mfuko wake wa shule. Nilisimama pale kama niliyekabidhiwa mtoto mchanga, na hasira yote ya asubuhi ikaniisha.

Hapo ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Kwaya, mteja wangu anayeongoza waimbaji kanisani, kafuata gauni lake la ibada ya usiku.

"Fundi! Usiniambie halijawa tayari."

"Liko tayari, mama, karibu."

Lilikuwa tayari kweli, ila lilikuwa na manyoya ya paka kuanzia begani mpaka kwenye pindo. Nikaanza kuyatoa kwa mkono mmoja, haikuwezekana. Mama Kwaya akataka kulijaribu, akataka nimfunge zipu, na zipu ya Mama Kwaya haifungwi kwa mkono mmoja. Nikamlaza malaika kwenye mkono wa kochi. Nilisema ni kwa dakika tu.

"Hako katoto bado kanakuita Fundi?" Mama Kwaya akaninong'oneza, pumzi ameibana. "Mwaka mzima sasa! Ungekuwa mkali kidogo."

"Vuta tumbo, mama," nikamwambia.

Zipu ikapanda. Mama Kwaya akaondoka anafurahi. Nikageuka, na Ndimu alikuwa amesimama na kiti mkononi, anatazama sakafuni.

Meneja alikuwa chali, miguu ya mbele imemkumbatia malaika, ya nyuma inapiga kama anaendesha baiskeli. Pamba ilikuwa imetapakaa kila mahali. Nilimrukia, akakimbia. Bawa moja lilikuwa limechanika kutoka begani na kuning'inia kwa kipande, na mgongo ulikuwa umefunguka.

"Nilikuambia umshike," Ndimu akasema.

Angelia ningejua la kufanya. Hakulia, akaniangalia tu.

"Nisamehe, mwanangu. Mama Kwaya alikuja..."

"Wewe si fundi? Mtengeneze."

"Nitamtengeneza. Nakuapia, ukirudi utamkuta mzima."

Nikampeleka Ndimu kwa jirani, dada anayesuka nywele, asukwe za sikukuu. Nikarudi mbio. Meneja nikamfungia jikoni, nikaketi kwenye cherehani. Mikono ilikuwa imetulia, maana hapo sasa palikuwa mahali pangu. Mtoto kaomba kitu ninachokiweza kuliko vyote duniani.

Sasa nieleweni. Aliyenifundisha kazi alikuwa na msemo mmoja tu: ukiona mshono umepinda, fumua. Hakuna kubembeleza. Nimefumua mashati ya watu wakiwa wameyavaa. Nilichukua wembe nianze na bawa, jicho langu likaona bega limekaa vibaya. Nikafumua bega. Ukifumua bega, ubavu nao unaona aibu. Nikavuta ule uzi mwekundu, na kwa kuwa marehemu hakupiga hata fundo, uliteleza ukatoka wote mzima kama utumbo wa samaki, nikautupa kwenye debe la vipande. Nikapiga pasi. Matundu ya sindano yake yalikuwa makubwa, pasi haikuyaziba, ikabidi niyageuzie ndani yasionekane. Nikashona kwa mashine na uzi mweupe, mshono mdogo mdogo, umenyooka kama mstari wa rula. Nikamtilia pamba mpya. Nikatafuta vifungo viwili vinavyofanana. Chini ya gauni nikamwekea lesi.

Alipendeza! Sitasema uongo. Ningemweka dirishani, watu wangeuliza anauzwaje. Nikamfungulia hata Meneja, kwa jinsi nilivyokuwa na furaha, nikasafisha nyumba, nikamwaga debe la vipande kwenye mkokoteni wa taka uliokuwa unapita, nikasimamisha mti, nikampandisha malaika juu kabisa. Nikakaa kumsubiri mtoto kama ninayesubiri kupewa zawadi.

Ndimu akaingia, kichwa kimesukwa kinang'aa. Akatazama juu ya mti.

"Huyu ni nani?"

"Ala! Ni malaika wako."

"Siye."

Akapanda kiti, akamshusha. Akamnusa. Akamgeuza, akamtazama mgongoni, akapitisha kidole kwenye mshono wangu wa rula.

"Umemtoa mama," akasema.

Hapo mngetegemea nimwombe msamaha. Wapi! Mimi nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimeangukiwa na mti, nimechomwa na pini, nimesemwa na Mama Kwaya, nimezunguka na taa juu chini kama mwendawazimu, nimeacha kazi za watu ili nimshonee malaika wake vizuri kuliko mwanasesere wa dukani.

"Basi mimi sifai!" nikapiga kelele. "Kila kitu mama, mama, mama! Nifanye nini mimi? Niambie! Na mimi si nafanya nipendwe?"

Maneno yale yalitoka kabla sijayapima. Ndimu akanywea. Akamlaza malaika kwenye meza yangu, akaingia nyuma ya mlango, akakaa na kujikunyata huko. Sasa alilia, tena kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikiwa.

Nikakaa. Hasira hasara, wanasema, na hasara yangu niliisikia pale nyuma ya mlango. Nilimkasirikia paka. Nilimkasirikia Mama Kwaya na zipu yake. Nilimkasirikia hata marehemu, Mungu anisamehe, kwa kutojua kupiga fundo. Kisha nikamtazama yule malaika mezani, amenyooka, macho sawasawa, na nikaona nilichofanya. Mtoto alikuwa na kitu kimoja chenye mkono wa mama yake, nami nimeufumua mkono ule kwa sababu ulikuwa umepinda.

Nikachukua wembe tena. Safari hii nikafumua wa kwangu. Nikatoa lesi, nikatoa vifungo vinavyofanana, nikakifungua kitambaa chote na kukigeuza. Nikakiinua dirishani nione kimebaki vipi.

Mwanga ukapita. Matundu yale yaliyonikera yalikuwapo yote. Yalipanda begani, yakashuka, yakakosea njia karibu na ubavu, yakarudi.

"Ndimu," nikaita. "Njoo uone."

Nikasogeza stuli pembeni, nikamwachia nafasi dirishani.

"Njoo, mwanangu. Mama yako hajatoka. Kapita hapa."

Akachungulia kwanza. Halafu akaja, macho mekundu, akasimama kando yangu. Nikashika kidole chake nikakipitisha juu ya matundu, moja baada ya jingine.

"Hapa sindano iliingia. Hapa ikatoka. Hapa naona ulimsumbua, ona alivyoruka."

"Nilikuwa nataka kushuka," akasema Ndimu. Akavuta kamasi. "Uzi wake uko wapi?"

Debe lilikuwa tupu. Mkokoteni ulikuwa umeshapinda kona zamani. Nilipekua debe hata hivyo, nikapekua chini ya cherehani, nikafagia kwa mikono kama kipofu. Nilitaka kulia mimi sasa.

"Nitakununulia mwingine mwekundu," nikaanza, na nilijua ni upuuzi hata kabla sijamaliza.

Ndimu hakunisikiliza. Alikuwa anatazama boksi la mti pale pembeni, ambalo lilikuwa linatikisika.

Ndani alikuwamo Meneja, kwenye mabaki ya utepe, na chini ya tumbo lake uzi mwekundu, umelowa mate, ncha moja imetafunwa. Alikuwa ameuchukua debeni mapema, nilipomfungulia, kabla sijalimwaga. Kumbe alikuwa na kazi nyumba hii, kazi ya wizi. Simshukuru. Nataka ieleweke hivyo. Asingemchana malaika tangu mwanzo, hata huo uzi nisingekuwa na haja ya kuutafuta.

Nikamtungia Ndimu sindano nene. Akakaa kwenye stuli yangu, ileile ya kupimia sare, mimi nikashika kitambaa dirishani naye akapitisha uzi tundu kwa tundu. Nilijaza pamba ile ya zamani niliyokuwa nimeiokota sakafuni na kuiweka kikombeni. Jicho kubwa jeusi likarudi kutoka kopo langu la vifungo, na dogo la kahawia. Alipofika pale ubavuni, mkono wangu ukaenda wenyewe kuvuta uzi uketi vizuri.

"Usinyooshe!"

"Sinyooshi."

"Ulikuwa unanyoosha, Fundi. Nimekuona."

Nikaweka mkono chini ya paja langu, ukae hapo.

Tukafika kwenye bawa. Ndimu akasimama. Pale Meneja alipochana hapakuwa na matundu. Palikuwa na mpasuko mpya. Akageuza kitambaa, akatazama pande zote mbili.

"Hapa mama hakushona."

"Hakushona. Hapa palikuwa pazima wakati wake."

Akafikiri, uso ameukunja. Kisha akanipa sindano.

"Hapa shona wewe."

"Kwa uzi upi?"

"Wa mama umekwisha. Tia ule wako mweupe."

Nikatunga. Niliuliza, "Nipindishe, ili ufanane?"

"Pindisha."

Nilijaribu, naapa. Nilipeleka sindano kushoto kwa makusudi, nikairudisha kulia kwa makusudi. Lakini mkono uliokwisha kuchapwa na rula ya mwalimu wake haupindi kwa kuambiwa. Nilipomaliza, mshono ulikuwa umelala pale mweupe, umenyooka, katikati ya wekundu wote ule unaotangatanga. Nikachukua wembe.

"Ngoja, nifumue. Nitarudia."

Ndimu akaufunika mshono kwa kiganja.

"Acha," akasema. "Huo ni wako."

Nilijifanya natafuta mkasi.

Lori likapiga honi nje. Mume wangu akaingia na vumbi lake na mfuko wake, akakuta mti umeinama, taa zimewaka upande mmoja, mipira yote iko chini ya kabati, na mkewe macho yamemvimba. Alikuwa anafungua mdomo kuuliza, Ndimu akamrukia na malaika.

"Baba, ona! Hapa ni mama. Na hapa ni mama, lakini nimepita mimi. Hapa ni Fundi, unaona mshono ulivyonyooka?"

Baba yake akamshika yule malaika kwa vidole viwili. Alitazama uzi mwekundu, akatazama ule mweupe, kisha akanitazama mimi.

"Na hapa penye mate?" akauliza.

"Hapo ni Meneja."

Alipotajwa, Meneja akaruka kutoka kwenye boksi akaingia katikati ya mti, na mti ukaanza kulala upande.

"Shuka! We paka, shuka hapo!" Sauti ilikuwa yangu kabisa, kila neno, ila aliyepiga kelele ni Ndimu.